Simba hakuleta mvua

Disney hawajaacha kuzifumua katuni zao za zamani na kuzishona upya. Mwaka 2025 Snow White ilianguka, miezi miwili baadaye ikatoka Lilo & Stitch ikavuka dola bilioni moja, na Moana ya 2016, ambayo haijapata hata muda wa kuzeeka, nayo ikawekwa kwenye foleni ya kuigizwa na watu wa kweli. Kila toleo jipya linapotangazwa mashtaka huwa yaleyale: wameharibu utoto wetu, wanatafuta pesa tu, hawana jipya. Ndani ya mashtaka hayo mna dai moja ambalo hakuna anayelihoji, kwamba ile ya kwanza haikuwa na kasoro na dhambi ilianza siku walipoigusa. Hakuna filamu inayokingiwa kifua na dai hilo kuliko The Lion King, katuni ya ufalme wa simba ya 1994. Ile iliyotengenezwa upya kwa kompyuta mwaka 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, lakini ukiitaja mbele ya watu waliokua na ile ya kwanza wanakunja uso. Mufasa, filamu ya yaliyotangulia hadithi hiyo, iliyotoka Desemba 2024, wengi waliihukumu kabla ya kuiona.

Nadhani tunaushika ugomvi huu upande usio wake. Filamu ya 1994 ni nzuri sana, na ndani yake imebeba hoja mbovu sana kuhusu nani anastahili kutawala na kwa nini wengine wanalala njaa. Vizazi vyake tunavyovidharau, zile za mwendelezo, za televisheni na za kompyuta, vimekuwa vikibishana na mzazi wao kuhusu hoja hiyo kwa karibu miaka 30. Sisi hatukusikia, maana tulikuwa tumekaa mlangoni tunalinda kumbukumbu zetu.

Iangalie hadithi yenyewe, ukiweka pembeni muziki na machozi. Mfalme Mufasa anamwonyesha mwanawe Simba nchi yote inayoguswa na jua na kumwambia kwamba ipo siku itakuwa yake. Pale penye kivuli, ng'ambo ya mpaka, haruhusiwi kwenda. Wanaoishi huko ni fisi, na karibu jambo la kwanza tunalolijua juu yao ni kwamba wana njaa. Hatuambiwi nani aliwafikisha kwenye makaburi ya tembo. Hatuambiwi pia kwa nini mzunguko wa uhai, ambao Mufasa anaueleza kwa ufasaha kabisa (sisi tunakula swala, tukifa tunakuwa majani, swala wanakula majani), unakomea mpakani. Scar, ndugu wa Mufasa anayekitaka kiti, anawaahidi chakula, nao wanapita mbele yake kwa gwaride linalokumbusha mikutano ya Wanazi, jambo ambalo wachoraji hawakujaribu kulificha. Scar akimuua Mufasa na kushika nchi, Simba anakimbia, mito inakauka na wanyama wanahama. Simba akirudi, mvua inanyesha na majani yanaota. Fisi wanamla Scar, kisha wanatoweka kwenye hadithi, na hakuna anayeuliza kesho watakula nini.

Hiyo ni nadharia kamili ya utawala. Ukame unaletwa na asiyestahili kukaa kitini; anayestahili anatambulika kwa damu; na wa ng'ambo wakiruhusiwa kuingia, nchi inakufa. Simba mwenyewe hafanyi jambo lolote la kumpa sifa ya uongozi. Amekaa msituni miaka yote hiyo akila wadudu na kuimba, na hajui hata kwamba kwao kuna njaa mpaka Nala, rafiki yake wa utotoni, amweleze. Nala ndiye anayeijua hali ya nchi, ndiye aliyethubutu kutoka kwenda kutafuta msaada, na ndiye anayembwaga Simba chini wakiwa watoto na kumbwaga tena wakiwa wakubwa. Filamu inatuonyesha hayo mara mbili, halafu inajifanya haijaona. Sarabi, mama yake Simba, anawinda, anamwambia Scar ukweli usoni, anapigwa kofi. Kundi zima la majike, ambao ndio hasa wanaolisha ukoo, wanamngoja kijana mwenye damu sahihi aje kuwaokoa na dume mmoja mkondefu.

Watengenezaji walijipa taabu ya kusafiri. Timu yao ilifika Kenya, katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, kutazama miamba na mwanga, na mwanga wa Afrika Mashariki waliupatia kuliko filamu nyingi zilizopigwa hapa kwa kamera. Wanyama ndio waliowageuza juu chini. Katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alikesha na fisi wa Serengeti na Ngorongoro, akakuta kwamba sehemu kubwa ya wanachokula wanaiwinda wenyewe, na kwamba ndani ya kreta mara nyingi simba ndio waliokuwa wakila mawindo yaliyouawa na fisi. Mgeni akifika asubuhi humkuta simba juu ya mzoga, fisi wamemzunguka, akaondoka akiwa na hakika ya nani mwizi. Kuhusu urithi wa kiti mambo yanachekesha zaidi. Wanaorithishana cheo ni fisi madoa: koo zao zinaongozwa na majike, na mtoto hushika daraja la chini kidogo tu ya mama yake. Simba hawana kitu cha namna hiyo. Dume akifikisha miaka miwili au mitatu anafukuzwa, hamrithi baba, na akitaka kundi lake lazima akalipiganie kwingine. Craig Packer na wenzake, waliowafuatilia simba wa Serengeti kwa miongo mingi, walikuta kwamba hata majike hawapangani kwa vyeo, hakuna malkia. Dume jipya likiteka kundi huua watoto linaowakuta, kwa hiyo katika filamu nzima anayefanana na simba wa kweli ni Scar. Katuni iliuchukua ufalme wa fisi ikawavika simba, kisha ikawaita fisi wezi.

Sidai katuni igeuke somo la biolojia. Nyani hatembei na fimbo akitoa ushauri nasaha, na hilo halinisumbui. Ninachokiandama ni kwamba filamu hii inaitetea siasa yake kwa kutumia maumbile. Haisemi kwamba simba waliamua kujiwekea mfalme. Inasema ndivyo dunia ilivyoumbwa, huo ndio mzunguko, na anayeuvuruga analeta jangwa. Hadithi ikichukua maumbile kuwa shahidi wake, sisi tuna haki ya kumuuliza shahidi maswali.

Shahidi huyo ana la kusema kuhusu neema ya Serengeti pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa mbuga hiyo walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita milioni moja na laki tatu. Ule mwamba anaosimama mfalme wa katuni haukupata mfalme mpya katika kipindi hicho. Kilichotokea ni kwamba sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia na kufagia mifugo na wanyamapori wa ukanda huu tangu miaka ya 1890, ulidhibitiwa kwa chanjo waliyopigwa ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka mbuga, na mvua za kiangazi za miaka ya 1970 zikaongezea majani. Maisha ya mbuga yaliokolewa na bwana mifugo na sindano, kupitia ng'ombe wa watu ambao katuni haionyeshi hata unyayo wao. Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishwa mwaka 1959 kwenda Ngorongoro, na leo mabishano ya Ngorongoro na Msomera, kijiji cha Handeni wanakohamishiwa wakazi wa Ngorongoro, yanaendelea. Filamu ya Disney haikumhamisha mtu yeyote. Ila nchi isiyo na watu inayoionyesha, watazamaji wa mbali wanaichukulia kuwa ndiyo hali ya asili, na hilo si jambo dogo kwa wanaoishi pale.

Mtu anaweza kuniambia kwamba kumhusisha mtawala na mvua ni jambo letu wenyewe, na ni kweli. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ntemi alikuwa na dhamana ya mvua. Dhamana hiyo, hata hivyo, ilikuwa na makali pande zote: mvua isiponyesha, ntemi ndiye aliyeulizwa, na angeweza kuondolewa. Filamu imechukua utukufu wa ntemi ikaacha hatari yake. Simba anapanda mwamba, mvua ikiwa tayari inamfanyia kampeni, na hakuna mnyama anayemuuliza alikuwa wapi. Nikiwa Mtanzania naona kichekesho kingine. Mkoa wa Mara, ambao sehemu kubwa ya Serengeti imo ndani yake, ndiko alikotoka Nyerere, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki. Kama kuna kijana aliyestahili kukaa juu ya mwamba akiitazama nchi ya baba yake, ni yeye. Serikali yake ilipitisha sheria ya 1963 iliyoyafuta mamlaka ya machifu. Tunaweza kubishana mpaka kesho kama uamuzi ule ulikuwa wa busara au uliwanyang'anya watu viongozi waliowajua, lakini ni hadithi ya kweli kutoka nyika ileile, na inakwenda kinyume kabisa na ile ya katuni.

Utetezi unaotolewa mara nyingi ndio dhaifu kuliko wote: ni katuni ya watoto, tulia. Wanaosema hivyo wamelelewa na nani? Kwetu mambo mazito ya madaraka, tamaa na ujanja tulifundishwa kwa midomo ya wanyama. Sungura aliyekula asali ya simba juu ya mbuyu akamponyoka hakuwa wa kutuchekesha tu. Mtoto aliyesikiliza alijua tangu akiwa na miaka sita kwamba mwenye meno anaweza kuzidiwa akili na mdogo, na kwamba simba si lazima aheshimiwe kwa kuwa tu ni simba. Hapa nalazimika kukiri kwamba fisi hakudhalilishwa na Marekani kwanza. Fisi wa hadithi zetu ni mlafi na mjinga. Ndiye aliyenusa nyama njia mbili akataka kuzifuata zote, akapasuka msamba. Lakini fisi yule aliadhibiwa kwa tamaa yake mwenyewe, siku hiyo, njia panda ile. Hakuna bibi aliyetusimulia kwamba fisi wote wanapaswa kukaa ng'ambo ya mstari na watoto wao, na kwamba wakivuka mito itakauka. Hilo ni wazo la aina nyingine.

Utetezi wenye nguvu ni mwingine, na siwezi kuupita haraka. Unasema kwamba ufalme katika filamu ni vazi tu la jambo la ndani zaidi: mtoto anayeamini kuwa amemuua baba yake, anakimbia, anajificha kwenye raha, na siku moja anakubali kurudi kubeba mzigo wake. Kwa maana hiyo kiti cha enzi ni utu uzima, na Scar ni uongo ambao mtoto alijiaminisha. Nakubali. Niliiona mara ya kwanza kwenye kanda ya video iliyochakaa, sebuleni kwa jirani Tanga, na Mufasa alipoanguka hakuna aliyethubutu kukohoa. Sauti ya James Earl Jones, muziki wa Hans Zimmer, kwaya za Lebo M zinazofungua filamu kwa Kizulu: hivyo vyote ni kazi ya watu waliokuwa kwenye kilele chao, na sanaa ikifika hapo inasamehewa mengi. Shida ni kwamba ukubwa wa hisia ndio unaopitisha hoja bila kukaguliwa. Tunamlilia mtoto yatima, na machozi yanapokauka tayari tumekubali kwamba jibu la uyatima wake ni kurudishiwa nchi nzima. Huzuni ya Simba ilihitaji mtoto afahamu kwamba hakumuua baba yake. Haikuhitaji fisi wafukuzwe.

Upande wetu wa dunia nao tuna hasira yetu juu ya filamu hii, na kwa maoni yangu tunaitumia mahali pasipo na uzito mkubwa. Tunagombania alama ya biashara ya Hakuna Matata, ambayo Disney waliiomba Marekani mwaka 1994 na kusajiliwa 2003 kwa ajili ya mavazi. Kuna adabu iliyokosekana pale, sikatai, lakini haimzuii mtu yeyote wa Malindi kuliimba jina hilo wala kulipaka ubavuni mwa daladala yake. Kama tunatafuta dhuluma yenye mwili, ipo kwenye filamu hiyohiyo, pale Timon na Pumbaa, rafiki zake Simba wa msituni, wanapoimba juu ya simba aliyelala. Wimbo huo umetokana na Mbube aliyoirekodi Solomon Linda huko Johannesburg mwaka 1939. Linda alifariki 1962 akiwa maskini, na familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Ni ajabu kwamba hadithi inayosisitiza haki ya mtoto kurithi cha baba yake ilibeba ndani yake wimbo ambao mabinti wa mtunzi walikuwa hawajaurithi.

Sasa turudi kwa watoto wasiopendwa. Mwaka 1998 Disney walitoa Simba's Pride moja kwa moja kwenye kanda za video, na ndani yake Kiara, binti wa Simba, anamwambia baba yake kwamba waliofukuzwa hawana tofauti na wao. Waliofukuzwa walikuwa simba, maana fisi hawakuonekana kabisa, lakini mpaka ulianza kutikisika. Mfululizo wa televisheni wa The Lion Guard ulikwenda mbali zaidi: ulimleta Jasiri, fisi mwenye akili na ucheshi, anayemwimbia Kion, mwana wa Simba, kwamba sisi ni sawa. Kipindi cha watoto wa shule ya awali, ambacho hakuna mhakiki aliyekiandikia insha, kilisema waziwazi kile ambacho filamu inayoheshimiwa haikuthubutu kukinong'ona. Ile ya 2019, ambayo nami naiona imekauka kwa sababu simba anayefanana na simba wa kweli hana uso wa kulia, ilimwondolea fisi Shenzi utani na kumfanya kiongozi jike mwenye hadhi, kwa sauti ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Mpaka haukuguswa, lakini walau adui alipewa heshima ya kuwa na akili.

Kisha ikaja Mufasa ya Barry Jenkins, na hapa ndipo nashangaa kwamba hatukupiga kelele. Filamu ile inatuambia kwamba Mufasa hana damu ya kifalme. Ni mtoto aliyesombwa na mafuriko akatengana na wazazi wake, akaokotwa na Taka, mtoto wa mfalme, ambaye baba yake Obasi hataki kabisa kuona mgeni. Obasi anamkataza Mufasa kukaa na madume na kumpeleka kwa majike, na huko ndiko anakojifunza kunusa, kusikiliza na kuwinda, yaani kila kitu kitakachomfanya aongoze baadaye. Taka, anayelelewa kwa kuambiwa kwamba kiti ni chake, hajifunzi kitu. Taka huyo ndiye Scar. Kwa maneno mengine, katika ukoo huu mwenye damu ndiye anayesaliti, na mfalme tuliyemlilia ni mhamiaji aliyekubaliwa na wanyama wa Milele, nchi ya mbali aliyoikimbilia, baada ya kuwaita wapigane pamoja. Hapo filamu ya 1994 inabaki bila miguu. Kama damu ndiyo hoja, basi Scar alikuwa sahihi aliponung'unika kwamba amedhulumiwa. Kama kukubaliwa na wanyama ndiyo hoja, basi Simba alipaswa kuulizwa, na walioulizwa wangekuwa pamoja na Nala, Sarabi, hata Shenzi.

Siisafishi filamu hii. Nyimbo zake hazifiki popote karibu na zile za zamani, na kuufanya usaliti wa Taka utokane na wivu wa mapenzi juu ya Sarabi ni kupunguza jambo kubwa liwe dogo. Maadui wake wakuu, simba weupe wa Kiros, ni tena kundi la waliokataliwa na jamii zao, na tena hakuna anayejali kwa nini walikataliwa. Jambo gumu zaidi ni kwamba wanyama wa Milele walikuwa wakiishi bila mfalme, na mwandishi hakuweza kuiacha hali hiyo mpaka mwisho; ilibidi wainame. Pamoja na hayo, imefanya kazi ambayo toleo jipya linapaswa kufanya, yaani kuigeuza hadithi upande wa pili na kuikagua mishono. Wanaotaka toleo jipya linakili la zamani picha kwa picha wanaomba kitu kisicho na kazi, maana la zamani bado lipo, halijafutwa na mtu. Na wanaolalamika kwamba Disney wanabadilisha mno wangechunguza kwanza ni nini hasa kimebadilishwa. Kama kilichobadilishwa ni mavazi na rangi za taa tu, hapo lawama ni halali.

Kwa wazazi sioni haja ya kuificha ile ya 1994. Waonyesheni watoto, halafu mwulizeni mtoto fisi walikwenda wapi baada ya mvua. Watoto wana majibu ambayo sisi tulioizoea hatuna tena. Kwa wachoraji wetu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambao baadhi yao walipata nafasi kwenye Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi za Kiafrika uliotolewa na Disney mwaka 2023, naona jambo la wazi la kufanya. Ipo nyika yenye wafugaji, bwana mifugo, fisi wanaoongozwa na mama zao na sungura asiyemwogopa mwenye meno, na hakuna kampuni iliyoisajili.

Disney wenyewe wamebakiwa na deni moja. Mufasa inasimuliwa kwa Kiara, anayeambiwa na Rafiki, yule nyani mwenye fimbo, kwamba babu yake alikuwa mtoto wa mtu yeyote tu, na mwishoni anapata mdogo wake mchanga. Watoto wawili, mwamba mmoja. Kampuni ikirudi kwenye hadithi hii italazimika kuamua kama Kiara atapanda pale kwa kuwa ni mzaliwa wa kwanza wa Simba, au kwa kuwa wanyama wameulizwa kama babu yake alivyokubaliwa, na kama kati ya watakaoulizwa watakuwemo wanaoishi penye kivuli.